Siku Nilipofungua Injini ya Fundi Asava

Siku ya kuniaga, viongozi wa klabu walisema mengi mazuri juu yangu, na kwa kuwa waliyasema kabla ya chakula, watu wote waliwaunga mkono. Hakuna aliyeniuliza kazi yenyewe ilikuwaje. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki katika kibanda cha ukaguzi, na tochi zenu nzuri na vipimo vyenu vinavyokula betri. Vyeo na mishahara tuviache. Mshahara wa mkaguzi wa magari ya mashindano hauchukui nafasi kubwa katika karatasi wala mfukoni.

Huenda akasoma haya pia mtu asiyeujua mchezo wetu. Huyo aelewe hivi: daraja letu ni la magari ya kawaida. Gari linaloingia mashindanoni lazima liwe lile ambalo mwalimu wa shule au muuza duka angeweza kulinunua na kulipeleka sokoni Jumamosi. Unaruhusiwa kung'oa viti, kubadili matairi na breki, na kufunga kizimba cha mabomba ya chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka. Injini inabaki kama kiwanda kilivyoitoa. Shabaha ni kwamba dereva ashinde kwa mikono yake. Na kwa kuwa binadamu ni binadamu, klabu inaweka wakaguzi.

Mimi ni Mnubi, watu wetu ni wa Bombo, nje ya Kampala. Tulikimbia nchi nikiwa mdogo, nikalelewa Kibera kwa shangazi yangu, na huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki ambacho Kampala wananicheka nacho, na cheti cha ufundi wa magari ambacho Kampala hakuna aliyekicheka kwa sababu hakuna aliyeomba kukiona. Tulirudi Kampala baada ya vita vya themanini na sita, mji ulipoanza kupumua. Mama alipata chumba Makindye, upande unaosikia baragumu la kambi ya jeshi asubuhi, na mimi nikashuka Katwe kutafuta kazi.

Gereji ya Fundi Asava ilikuwa katikati ya watu wanaogonga masanduku ya bati na watu wanaoyeyusha injini kuukuu na kuzifanya sufuria. Ukiisahau injini yako nje pale, ungeweza kukutana nayo tena jikoni kwa mtu. Asava mwenyewe alikuwa Mkenya, Mmaragoli, mrefu, mwenye ovaroli aliyoifua kila siku. Alikuwa mtu wa kanisa na hakugusa spana siku ya Jumapili, mpaka mbio za magari zilipoanza kufanyika Jumapili. Hapo alizungumza na Mungu wake, wakaelewana.

Aliponiona, msichana, nimesimama mlangoni akasema, "Kazi ya chai iko kwa yule mama pale."

"Natafuta kazi ya injini, Mzee."

Hakucheka. Alinipa vali moja na kijiti chenye mpira wa kunyonya mwishoni, na kopo la dawa ya kusagia. Vali ni kile kizibo kinachofungua na kufunga mlango wa injini. Lazima kikae sawasawa na kitako chake, la sivyo nguvu inavuja. Unaisaga kwa kupekecha kijiti kati ya viganja, kama mtu anayetafuta moto porini. Nilipomaliza, Asava alimimina mafuta ya taa juu yake. Yakavuja. Nikasaga tena. Yakavuja. Viganja viliota malengelenge na yakapasuka. Jua lilipokuwa linaegemea Ndeeba, alimimina tena, akasubiri, akapitisha kidole chini. Kikavu.

"Kesho uje mapema," akasema. Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Yote ninayoyajua juu ya chuma alinifundisha yeye. Alikuwa na vidole ambavyo sijaviona kwa mtu mwingine. Alifumba macho, akapitisha ncha ya kidole juu ya chuma kilichosuguliwa, na akakuonyesha mkwaruzo ambao wewe hukuuona mchana kweupe. Lakini hakuviamini vidole peke yake. Baada ya kidole alichukua kipimo, kila mara. "Kidole ni shahidi," alikuwa akisema. "Kipimo ndiyo hakimu."

Miaka ikaenda. Watu wakapata tena petroli ya kuchezea, na mbio zikarudi. Uwanja wetu ulikuwa nje ya mji, njia ya Mukono, nusu lami nusu murram, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu wa murram unakuwa sabuni. Asava akawa fundi wa mbio, na mimi chini yake. Tuliandaa magari mengi, mengine yalishinda, mengine yalirudi juu ya lori.

Kisha klabu ikatafuta mkaguzi wa pili. Mkaguzi mkuu alikuwa Injinia Byaruhanga, mtu wa Fort Portal, mpole, mwenye Kiswahili kidogo sana na anayekitumia kwa uangalifu kama mtu aliyebakiwa na kiberiti kimoja. Alikuja Katwe akanitaka mimi. Nilipomwambia Asava, aliweka spana chini.

"Umeona kutengeneza ni kuzito," akasema, "sasa unaenda kuwatazama waliotengeneza."

"Ndiyo, Mzee."

"Haya. Nenda. Lakini ile gia umeifungua, uifunge kwanza."

Nikaifunga, nikaenda.

Kesi za mwanzo zilinifundisha kwamba watu hawadanganyi kwa akili nyingi. Wanadanganya kwa bidii. Kulikuwa na dereva mmoja aliyejaza maji ndani ya mlango wa gari ili lifikie uzito unaotakiwa, akiwa na kizibo cha kuyamwaga baada ya mizani. Kizibo kikachomoka mbele yangu, akasema gari lina jasho. Kulikuwa na bwana mmoja wa Namuwongo aliyeleta kizimba kilichochomelewa kwa mabomba ya maji ya nyumbani. Nilipokikataa alishika kichwa, akaniita mama kwa Kiganda chake. "Nnyabo, hii ni chuma ya lelwe! Treni inapita juu, haivunjiki!" Nikamwambia treni haipiti ndani ya mabomba ya maji. Wiki iliyofuata alileta kizimba kizuri, na baadaye katika msimu huohuo alipinduka mara tatu hewani, akatoka anatafuta kofia yake. Tangu hapo alikuwa ananisalimia kwa kupiga magoti, jambo lililonitia aibu sokoni.

Sasa niwaeleze ule msimu.

Madereva wawili walikuwa mbele ya wengine wote. Wa kwanza ni Ssalongo. Hilo ni jina la heshima la baba wa mapacha, na yeye hakutaka kuitwa jingine. Aliuza mbao Ndeeba, mtu wa kelele na vicheko, na gari lake jeupe liliandaliwa na Fundi Asava. Wa pili ni Daktari Achan, daktari wa meno, binti wa polisi kutoka kaskazini aliyekulia katika nyumba za askari na kuokota Kiswahili huko. Gari lake lilikuwa jekundu, la aina ileile. Ssalongo aliendesha kama anayefukuza mwizi. Daktari aliendesha kama anayeng'oa jino: taratibu, na haachi mpaka litoke.

Mbio za mwanzo za msimu zilikuwa za mvua, na Ssalongo alishinda zote. Injini yake nilikuwa naijua. Niliishika mwenyewe Katwe zamani. Kisha siku ya mazoezi injini hiyo ikapasuka. Chuma cha ndani kilitoboa ubavu na kutoka nje kuangalia dunia. Asava akaenda kwa wauzaji wa injini zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani, akanunua nyingine ya aina ileile, akaifunga. Kanuni iliruhusu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ni ya aina inayotakiwa, kuitazama kwa nje, na kuifunga lakiri isifunguliwe mpaka mwisho wa msimu. Nikafanya hivyo.

Mbio iliyofuata, nikiwa nimesimama mstari wa kuanzia, nilisikia kitu. Gari jeupe likiwa limetulia lilikuwa linatetemeka kidogo, kama mtu anayezuia kicheko msibani. Bendera iliposhuka, lile gari liliwaacha wenzake kwenye lami kama wamefunga breki. Kwenye kona Daktari alimkaribia. Kwenye njia iliyonyooka Ssalongo alimwacha tena.

Nikamwambia Byaruhanga. Akasikiliza. "Mimi pia nasikia," akasema. "Lakini sikio si ushahidi. Mwisho wa msimu tunafungua."

Ndivyo kanuni ilivyosema, na kanuni ilikuwa sawa. Lakini sitawadanganya: miezi ile nilikuwa nikipita Katwe nikitoka sokoni, nazunguka njia ya mbali nisipite mbele ya gereji.

Daktari naye alishinda kadhaa kwa ufundi wa kona, na mpaka mbio za mwisho walikuwa karibu sawa. Atakayetangulia siku ile ndiye bingwa. Watu walijaa hadi juu ya miti, wachoma nyama hawakuwa na pa kusimama. Daktari aliongoza karibu mbio nzima. Alizifunga kona zote. Ssalongo alitafuta mlango kushoto, akatafuta kulia, hakuupata. Mzunguko wa mwisho walitoka kwenye murram pamoja, vumbi likiwa moja, wakaingia kwenye lami ndefu ya kumalizia. Hapo gari jeupe likanyoosha miguu. Lilimpita Daktari kama yeye amesimama kununua ndizi.

Uwanja ulilipuka. Ngoma zikaanza. Ssalongo alibebwa mabegani, na huku nyuma sisi tukalisukuma gari lake hadi kwenye kibanda, pamoja na la Daktari, na la mtu wa tatu, ambalo nalo lilikuwa la aina hiyohiyo.

Byaruhanga akanivuta pembeni. "Huyu ni mzee wako," akasema. "Wewe kaa. Mimi nafanya."

Alisema vizuri, nami nilikubali. Shikeni hili: gari likiwa la ndugu au mwalimu, kaeni pembeni bila kuambiwa. Lakini Asava alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono nyuma.

"Zamzam ndiye atapima," akasema, akaniashiria mimi. "Mwingine asiguse injini yangu."

"Mzee, haifai," nikamwambia.

"Mimi ndiye mwenye kulalamika kama haifai. Silalamiki."

Byaruhanga alifikiri. Mwishowe akaamua: nitapima mimi, atarudia yeye, na fundi wa Daktari atasimama hapo aone yote. Nikachukua vifaa vyangu huku swali moja likinizunguka kichwani. Je, mzee ananitaka kwa sababu anaamini mikono yangu, au kwa sababu anaamini moyo wangu? Kwa kazi niliyokuwa nayo, jibu halikuwa na faida.

Tulianza na gari la tatu, kisha la Daktari. Yote mawili yalikuwa sawa na kitabu cha kiwanda. Kisha nikakata lakiri ya gari jeupe. Asava alifungua kifuniko mwenyewe, haraka, nati baada ya nati, hakuangalia hata moja. Chini yake ilikuwa kamshafti. Huo ni mhimili wenye vichwa vinavyosukuma vali zifunguke. Kichwa kikiwa kirefu zaidi, vali inafunguka zaidi, na injini inavuta pumzi kubwa kuliko ile iliyopewa na kiwanda. Nikaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale na ncha inayogusa chuma, nikazungusha injini polepole kwa mkono.

Mshale ukapita mahali pake. Ukaendelea kwenda.

Nikapima kichwa cha pili, cha tatu. Vyote vimezidi. Si kuzidi kwa uchakavu. Hii ilikuwa kamshafti iliyokatwa na mtu huko ilikotoka, mtu aliyetaka mbio.

"Pima tena," Asava akasema.

Nikapima tena. Byaruhanga akapima. Fundi wa Daktari akasogea, akaona, akarudi nyuma kwa adabu. Nje ngoma zilikuwa bado zinalia.

"Niache niangalie mwenyewe," Asava akasema.

Nilikuwa nimeshainua ncha ya kipimo kutoka kwenye chuma ili kuisafisha. Kabla sijairudisha aliinama, akaleta uso karibu kabisa na kioo cha saa, pua ikakigusa. Akakaa hivyo.

"Naona," akasema. "Imezidi kidogo. Si sana."

Nikatazama saa. Nikamtazama yeye. Byaruhanga alikuwa amekwenda mlangoni kuwazuia mashabiki na fundi wa Daktari amemfuata. Hakuna mwingine aliyesikia.

"Mzee," nikasema polepole, "mshale uko kwenye sifuri."

Alijinyoosha. Mikono yake ikatafuta kitambaa, ikakipata pembeni ya boneti, ikaanza kujifuta ingawa haikuwa na mafuta.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Mzee."

Akakaa juu ya tairi. Nilimwona ghafla ni mtu mzima sana. "Mwaka jana," akasema. "Kwanza ilikuwa kama moshi. Nikasema ni moshi wa Katwe. Nani Katwe hana moshi machoni? Halafu moshi haukuondoka."

"Na hii injini? Uliipima?"

"Nilipitisha kidole. Ilikuwa nzuri, laini, haina mkwaruzo." Akakisugua kidole kwa kitambaa. "Kidole hakikuniambia."

"Kwa nini hukumpa mtu akusomee kipimo?"

"Nimpe mtu kipimo changu, nimwambie nini?"

Yeye akainua kichwa, akaelekeza uso wake nilipo. "Sikiliza, binti. Andika nilijua. Andika Asava ameweka kwa makusudi."

"Watakufungia."

"Wanifungie! Katwe fundi mwizi anapata kazi. Tena wanamfuata, wanasema huyu anajua mbinu. Fundi kipofu, nani atampa gari?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakutaka nimsaidie kuficha kamshafti. Hilo la kamshafti alikuwa tayari kulibeba. Alitaka nimfunike kwa wizi ambao hakuufanya.

Na kama angeumia peke yake, sijui ningeandika nini. Lakini kanuni zetu zilikuwa na njia mbili. Kifaa kisicho halali kilichoingia bila kujua: gari linafutwa katika mbio zote lilizokimbia na injini ile, basi, mambo yamekwisha. Kilichowekwa kwa makusudi: fundi na dereva wanafungiwa pamoja.

"Na Ssalongo?" nikamwambia. "Naye wamfungie? Mtu ambaye hajui hata kamshafti inakaa wapi?"

Akainamisha kichwa.

"Siwezi kuandika kwamba ulijua, Mzee, kwa sababu hukujua. Na macho yako siyaandiki. Macho yako si kifaa cha gari. Nitaandika kilichoonekana ndani ya injini. Kwa nini kimo, hilo watakuuliza wewe, na utalisema wewe."

"Unanivua nguo mbele ya watu."

"Sikuvui, Mzee. Nakuomba uvae za kwako."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka tu, na baada ya kutoka halikurudi. Nikafuta ncha ya kipimo, nikakirudisha sandukuni.

Mlango ukasukumwa. Ssalongo aliingia, majani ya ushindi shingoni, Byaruhanga nyuma yake amemshika mkono bila mafanikio.

"Zamzam, nnyabo! Watu wanasema gali yangu iko na mbaya. Mbaya gani? Mimi nimeshinda mbele ya macho ya watu wote!"

"Kamshafti imezidi, Ssalongo," nikamwambia. "Tumepima wawili. Si ya kawaida."

Uso ulimbadilika. Akamgeukia Asava. "Mzee? Wewe umefanya nini na gali yangu?"

Nilitazama sakafu, kwa kuwa haikuwa haki yangu kutazama pengine.

"Sioni, Ssalongo," Asava akasema.

"Huoni nini?"

"Sioni. Macho yameharibika. Injini hii sikuipima, kwa sababu siwezi kusoma kipimo. Nimeifunga kama nilivyoipata. Huyu binti hana kosa, na wewe huna kosa."

Ssalongo alivua yale majani taratibu. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sikuwahi kusikia sauti ndogo ikitoka kwa mtu yule.

"Na breki? Breki zangu nani alikuwa anafunga?"

"Mimi."

"Bila kuona?"

"Breki nafunga kwa vidole. Hata zamani nilikuwa nafunga kwa vidole. Zimewahi kukuangusha?"

"Hapana," Ssalongo akasema. "Hapana. Lakini mimi nakanyaga ile kitu nikiwa na mwendo wa kufa, Mzee! Ungeniambia! Ningekuletea mtu wa kukusomea. Ningekuletea daktali." Akakaa juu ya tairi la pili, wakawa wamekaa wote wawili kama watu wanaosubiri basi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta kwa glavu. Kisha akasimama, akatoka nje, akazima ngoma kwa kupunga mkono, akaenda moja kwa moja kwenye gari jekundu. Wote tulimwona akimpa Daktari Achan yale majani.

"Ni yako," akamwambia. "Gali yangu ilikuwa na uwongo ndani. Hatukujua, lakini ilikuwa nao."

Daktari hakushangilia. Aliuliza kwanza, "Mzee Asava yuko wapi?"

Wasimamizi wa mashindano walikaa, wakasoma taarifa yetu, wakamsikiliza Asava. Gari likafutwa katika mbio za injini ile. Zile za mwanzo zikabaki za Ssalongo. Hakuna aliyefungiwa. Usemi wangu mbele yao ulikuwa mfupi kuliko wowote nilioutoa kazini, na bado nauona ndio bora.

Asava hakusema nami kwa miezi mingi. Nilipita Katwe sasa kwa njia ya karibu, makusudi, nikamsalimia kila mara: "Shikamoo, Mzee." Alijibu "marahaba" akiwa ameelekeza uso kwenye gari. Ilitosha. Sikuomba msamaha, kwa kuwa sikuwa na kosa, na yeye angejua kama ninadanganya.

Ssalongo ndiye aliyempeleka hospitali ya macho, wakigombana njia nzima. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho tu, likapasuliwa, likafunguka. La kushoto lilikuwa na ugonjwa mwingine, na huo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Ama Ssalongo mwenyewe, hakuendesha tena. Nnalongo, mama wa mapacha wake, alisikia habari ya breki, akasema sentensi moja ndani ya nyumba, na mashindano yakaisha.

Kabla msimu mpya haujaanza, Daktari Achan alikwenda Katwe. Habari hii niliipata kwa yeye mwenyewe, akinichungulia jino. Alimkuta Asava amekaa mbele ya gereji iliyopoa, akamwambia, "Mzee, nataka uniandalie gari."

"Nina jicho moja," Asava akamwambia.

"Najua."

"Hukusikia yaliyotokea? Mji mzima unajua."

"Nilisikia. Nilisikia pia kwamba zile mbio za mwanzo, za mvua, ulinishinda kwa injini halali. Na macho yalikuwa yameshaanza kwenda." Daktari alinisimulia hivi huku ameshika koleo mdomoni mwangu, kwa hiyo sikuweza kucheka. "Nikamwambia, Mzee, kama ulinishinda huoni, mimi sitaki kukutana na wewe ukiwa unaona. Njoo upande wangu."

Siku ya ukaguzi wa kwanza wa msimu ule, gari jekundu lilikuwa mbele ya foleni. Byaruhanga akanitazama, nikakaa pembeni kama inavyotakiwa. Akamwuliza Asava kama anapinga, na Asava akasema, "Afanye yeye. Wewe urudie." Ilikuwa kama mara ya kwanza, ila safari hii sikujiuliza swali lolote.

Nilianza na breki, nikaenda kwenye kizimba, nikafungua injini. Nilipima kila kitu kinachopimika na vingine ambavyo sikulazimika. Alisimama karibu yangu muda wote, jicho lake zuri likifuata mikono yangu, na mara moja tu akasema, "Ule mshipi wa kiti, vuta kwa nguvu, usiogope." Nikavuta kwa nguvu. Haukutikisika. Byaruhanga akarudia yote, akatikisa kichwa kwamba amekubali, akaniachia neno la mwisho.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mzee yule. Nilitaka kumwambia kwamba kila chuma nilichokigusa katika maisha yangu nilikigusa kwa namna aliyonionyesha yeye, hata siku ile. Lakini nyuma yake kulikuwa na foleni ya magari, na madereva wameshaanza kupiga honi.

Nikabandika alama ya klabu kwenye kioo, nikaisugua kwa kidole gumba ishike vizuri, nikasogea kando.

"Pita, Mzee," nikasema.